Kwa nini Wapolandi na Waukraine bado wanagombana kuhusu Volyn na Bandera

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania niko Wrocław, Poland, napiga kazi kwenye ghala na wenzangu wengi ni Wapolandi na Waukraine. Vita ilipoanza 2022 niliona kwa macho yangu Wapolandi wakiwafungulia Waukraine nyumba zao, nikasema hawa ni ndugu. Ila kila ikifika mwezi wa 7 maneno yanaanza, Volyn, Bandera, mpaka mtu anaacha chai anatoka nje. Mpolandi ananiambia hawa waliua watu wetu laki moja, tena kwa shoka. Muukraine ananiambia hao walitutawala kama watumwa. Nani mkweli? Halafu si watu wamoja tu hawa, mbona lugha wanasikilizana? Na mimi wakiniuliza niko upande gani nijibuje?"

JIBU:

Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza ukiwa Wrocław maana huo mji wenyewe ni sehemu ya jibu. Mpaka 1945 ulikuwa mji wa Wajerumani, unaitwa Breslau. Vita ilipoisha mipaka ya Poland ikasogezwa kuelekea magharibi, Wajerumani wakafukuzwa, na wengi walioletwa kuujaza mji walitoka mashariki, wakiwemo watu wa Lwów, ambayo leo ni Lviv ya Ukraine. Walikuja na maprofesa wao, na sehemu ya maktaba ya Ossolineum, na ule mchoro mkubwa wa duara wa mapigano ya Racławice ambao watalii wanapanga foleni kuuangalia hapo mjini kwako, vyote vilikuwa Lwów. Halafu 1947 serikali ya kikomunisti ya Poland ikawang'oa Waukraine na Walemko (watu wa milimani wanaokaribiana na Waukraine) kama 140,000 kutoka kusini mashariki mwa nchi, ikawatawanya kwenye ardhi hizohizo za magharibi na kaskazini walizoacha Wajerumani. Kwahiyo mkoa unaoishi umejaa wajukuu wa watu waliopakiwa kwenye mabehewa, wa pande zote mbili, na hao wa upande mmoja mara nyingi hawajui kabisa habari za wenzao.

Volyn ni eneo la kaskazini magharibi mwa Ukraine ya leo ambako 1943 Wapolandi wengi waliuawa, na Bandera ni kiongozi wa chama cha Kiukraine, nitafika huko. Nianze na hilo la "watu wamoja", maana ukilikosea hapo yote yanayofuata hayataeleweka.

Lugha zinafanana ndio, zote ni za Kislavi, lakini Mpolandi anaandika kwa herufi za Kilatini na kwa asili ni Mkatoliki, Muukraine anaandika kwa Kisirili na kwa asili ni Morthodoksi, au kule magharibi ni Mkatoliki wa mapokeo ya Kigiriki, yaani anamtii Papa ila ibada yake ni ya mashariki, na mapadri wake wanaweza kuwa na wake. Ila dini peke yake haitoshi. Kilichowatenga kweli ni ardhi na nani anailima kwa ajili ya nani. Mwaka 1569, kwenye Muungano wa Lublin, Volyn na Kyiv ziliwekwa chini ya taji la Poland. Baada ya hapo wakubwa wa kule, hata wenye asili ya Kiukraine, taratibu wakawa Wapolandi kwa lugha na Wakatoliki kwa dini kwa sababu ndiko kulikokuwa na cheo, na mkulima akabaki Morthodoksi, akabaki na lugha yake, na akabaki amefungwa kwenye shamba la bwana kisheria, hawezi kuondoka. Hali hiyo ilikaa mamia ya miaka. Muukraine mwenzako anaposema "walitutawala kama watumwa" hapo ndipo anapotoa maneno hayo, hajayatunga.

1648 Bohdan Khmelnytsky na Wakozaki wake, wapiganaji huru wa nyika za Ukraine, wakaasi. Ukishika noti ya hryvnia 5 ya Ukraine utakuta sura yake, ni baba wa taifa. Mpolandi yeye anafundishwa shuleni kwamba hapo ndipo dola yao kubwa ilianza kubomoka. Na Myahudi wa kule anakumbuka maelfu kwa maelfu ya watu wake waliochinjwa kwenye uasi huohuo. Mtu mmoja, kumbukumbu 3, na zote zina ushahidi. Hii utaiona tena na tena kwenye hii habari.

Lakini usidhani kila mtu alizaliwa anajua yeye ni nani. Kuna familia ya Sheptytsky, mimi naipenda sana kuitolea mfano. Familia ya wenye ardhi, waliokwisha kuwa Wapolandi kwa vizazi kadhaa, mama mtu ni binti wa Aleksander Fredro, mwandishi mkubwa wa tamthilia wa Poland. Mtoto mmoja, Andrey, akarudi kwenye kanisa la mababu akawa askofu mkuu wa Lviv, na Waukraine wanamhesabu kati ya watu wao wakubwa kabisa. Ndugu yake wa damu, Stanisław, akawa jenerali wa jeshi la Poland na waziri wa mambo ya kijeshi. Tumbo moja, mataifa mawili, na kila mmoja alichagua kwa moyo wake wote. Na chini huko kwa wakulima hali ilikuwa nyingine tena, kwenye sensa ya Poland ya 1931 watu kama laki 7 wa jimbo la Polesie, wakiulizwa lugha yao, waliandikishwa kuwa wanaongea lugha ya "hapa", hawakujiita Wapolandi wala Waukraine wala Wabelarusi. Utaifa tunaouona leo watu hao walipigwa nao muhuri na vita, shule na sensa, ndani ya miaka kama 30 tu.

Sasa twende haraka kidogo. Dola ya Austria, iliyokuwa inaitawala Lviv, ilipovunjika 1918, tarehe 1 Novemba Waukraine waliamka wakashika Lviv wakatangaza jamhuri yao. Wapolandi wa mji, na wao ndio walikuwa wengi ndani ya mji wakati vijiji vingi vya eneo hilo ni vya Waukraine, wakachukua silaha, wakiwemo wanafunzi wa shule, watoto kabisa. Wamezikwa kwenye makaburi ya Lychakiv, Poland inawaita tai wadogo wa Lwów. Jamhuri ya Waukraine wa magharibi ikashindwa 1919. Mwaka uliofuata Piłsudski, kiongozi wa Poland, akaungana na Symon Petliura, kiongozi wa Waukraine wa Kyiv, kupigana na Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, wakafika mpaka Kyiv, halafu Machi 1921 kule Riga Poland ikasaini amani na hao Wabolsheviki na kuigawa ardhi, mshirika akaachwa. Askari wa Petliura wakawekwa kambini ndani ya Poland iliyokuwa rafiki yao. Piłsudski alikwenda mwenyewe kambi ya Szczypiorno akawaomba radhi. Radhi haikurudisha nchi.

Kati ya vita mbili Poland ilikuwa na Waukraine karibu milioni 5. Hapa nakuomba uwe mwangalifu kwa sababu ndipo pande zote mbili zinapopenda kuruka kurasa. Serikali ya Warsaw ilibana shule za Kiukraine, ikawapa askari wastaafu wa Kipolandi mashamba huko Volyn ambako Wapolandi walikuwa kama asilimia 16 au 17 tu ya watu, 1930 ikatuma polisi na wapanda farasi kwenye mamia ya vijiji vya Galicia, yaani eneo la Lviv, wakachapa watu, wakabomoa maktaba na maduka ya ushirika, na 1938 kwenye eneo la Chełm ikavunja makanisa ya Kiorthodoksi zaidi ya 100. Fikiria mtu anaangalia kanisa alilobatizwa linabomolewa na serikali ya nchi yake. Haya si propaganda, yapo kwenye kumbukumbu za Poland yenyewe.

Na upande wa pili, 1929 vijana wa Kiukraine walianzisha OUN, chama cha siri kilichoamini taifa ni juu ya kila kitu na kwamba damu ndiyo njia. 1931 walimuua Tadeusz Hołówko, na sio kwa sababu alikuwa mkatili kwa Waukraine, la, alikuwa mmoja wa wanasiasa wa Kipolandi waliotafuta sana mapatano nao. 1934 wakamuua waziri wa mambo ya ndani, Bronisław Pieracki, katikati ya Warsaw. Mwaka huohuo walimuua mkuu wa shule wa Kiukraine huko Lviv aliyekuwa anawakataza wanafunzi kuingia chamani. Mtu wa katikati ndiye alikuwa adui wao wa kwanza. Aliyekuwa kiongozi wa chama Galicia kwenye mauaji hayo ya 1934 anaitwa Stepan Bandera, akahukumiwa kifo, baadaye ikageuzwa kuwa maisha, akatoka jela Septemba 1939 Ujerumani ilipoivamia Poland.

Kisha Wasovieti wakaingia kutoka mashariki. Hapa nitoke pembeni kidogo kwa sababu linatugusa. 1940 na 1941 Wasovieti waliwapakia kwenye treni Wapolandi mamia ya maelfu wa mikoa hiyo ya mashariki, Volyn ikiwemo, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Waliobaki hai na kuachiwa walipitia Iran, na wanawake na watoto wengi wakaletwa huku kwetu, Masindi na Koja kule Uganda, na kambi kubwa ya Tengeru hapo karibu na Arusha iliyofikia watu kama 5,000. Makaburi yao Tengeru yapo mpaka leo, yanatunzwa. Sababu wengi hawakurudi kwao vita ilipoisha ni kwamba kwao kulishakuwa Ukraine au Belarus ya Kisovieti. Kwahiyo ukimwambia Mpolandi mwenzako unatoka Tanzania akakutajia Tengeru, ujue ni habari hiihii.

Sasa Volyn yenyewe.

1942 Wajerumani waliwaua karibu Wayahudi wote wa Volyn, kama watu laki 2, na polisi wasaidizi wa Kiukraine walishiriki, kuwakusanya na kuwalinda njiani kwenda kwenye mashimo. Hao polisi walijifunza kazi, namna ya kuzingira kijiji alfajiri, namna ya kudanganya watu wakusanyike. Machi na Aprili 1943 maelfu yao walitoroka na bunduki zao wakaingia msituni kwenye jeshi jipya la UPA, yaani Jeshi la Waasi la Ukraine, lililokuwa la mrengo wa OUN uliomfuata Bandera. Kamanda wa UPA wa Volyn alikuwa Dmytro Klyachkivsky. Uamuzi wao ulikuwa kwamba vita ikiisha pasiwe na Mpolandi hata mmoja pale, ili mkutano wowote wa amani ukija usiseme ardhi hii ni ya Poland.

Mauaji yalianza mwanzoni mwa 1943, Parośla mwezi wa pili, kisha yakapanda. Jumapili tarehe 11 Julai 1943 walivamia kwa pamoja vijiji kama 100, na walichagua Jumapili kwa sababu watu wangekuwa kanisani. Poryck, Kisielin, watu waliuawa misani. Agosti 30 Ostrówki na Wola Ostrowiecka zikafutwa, zaidi ya watu 1,000 kwa siku moja. Shoka, uma za nyasi, moto, kwa sababu risasi zilikuwa chache na kwa sababu wakulima wa jirani walilazimishwa au walishawishiwa kuja na vifaa vyao. 1944 ikahamia Galicia. Jumla ya Wapolandi waliouawa, wanahistoria wengi wanaweka kati ya 50,000 na 100,000, na Poland mara nyingi wanasema hiyo laki. Wengi ni wanawake, watoto na wazee. Mwenzako hakukudanganya.

Na kuna mtu nataka umjue, Zygmunt Rumel. Mshairi, miaka 28, amekulia Volyn, aliandika shairi kwamba ana mama wawili, Poland na Ukraine. Julai 1943 chama chake cha siri cha wakulima kilimtuma akaongee na UPA wasitishe. Akakataa kwenda na ulinzi, akavaa sare yake, akaenda na mwenzake mmoja na dereva wa mkokoteni. Tarehe 10 Julai wakamuua kijijini Kustycze. Kesho yake ndio ile Jumapili. Kila nikifundisha hii habari huwa nasimama hapo, kwa sababu hakuna Mpolandi aliyestahili kusikilizwa na Muukraine kama huyo kijana, na wao wakamjibu vile.

Wapolandi nao walilipiza, na hili usikubali mtu akufiche. Sahryń Machi 1944, Pawłokoma Machi 1945, vijiji vya Waukraine vilivyochomwa na raia kuuawa, na humo walikuwemo wanawake na watoto. Waukraine waliouawa na Wapolandi miaka ile wanakadiriwa 10,000 hadi 20,000. Kisha ikaja kampeni ile ya 1947 niliyoitaja mwanzo, walioiita Operesheni Wisła, na kabla yake, 1944 mpaka 1946, kubadilishana watu, Waukraine kama 480,000 wakatolewa Poland na Wapolandi zaidi ya 780,000 wakatolewa Ukraine. Baada ya hapo ule mchanganyiko wa miaka 400 ukawa umekwisha.

Unaniuliza nani mkweli. Mi nitakwambia bila kuzunguka. Kwamba Poland iliwabana Waukraine ni kweli, ila mauaji ya Volyn hayakuwa vita kati ya majeshi mawili kama baadhi ya wanahistoria wa Kyiv wanavyopenda kuandika, yalikuwa mauaji ya kupangwa ya raia kwa sababu ya kabila lao. Kuvunjiwa kanisa hakuelezi mtoto kutupwa kisimani. Na ulipizaji wa Wapolandi ulikuwa uhalifu, na aliyeuawa Sahryń hana kosa zaidi ya aliyeuawa Poryck, lakini ukubwa na mpango wake si sawa na kuviweka kwenye mizani moja kama vile pande zote zilifanya kilekile si haki. Haya yote yanaweza kuwa kweli kwa mpigo, na mtu mzima anaweza kuyabeba yote.

Basi kwa nini Muukraine anapachika picha ya Bandera? Hapa Wapolandi wengi hawataki kusikiliza na mi naona wanakosea. Bandera 1943 alikuwa amefungwa na Wajerumani, kambi ya Sachsenhausen, alifungwa kwa sababu watu wake walitangaza dola ya Ukraine Lviv tarehe 30 Juni 1941 bila ruhusa ya Hitler, siku zilezile ambazo Wayahudi wa mji walikuwa wanauawa mitaani. Wadogo zake wawili walifia Auschwitz, baba yake padri alipigwa risasi na Wasovieti. Yeye mwenyewe aliuawa na mtu wa KGB, ujasusi wa Kisovieti, huko Munich 1959. UPA baada ya 1944 walipigana na Wasovieti msituni mpaka miaka ya 50, kamanda wao Roman Shukhevych aliuawa 1950 karibu na Lviv, na familia za kule magharibi, zaidi ya watu laki 2, zilipelekwa Siberia kwa kosa la kuwa na mtoto msituni au kumpa mkate. Kwahiyo bibi wa Lviv ukimtajia UPA anamwona kaka yake aliyekufa kwenye handaki la msituni akipigana na Moscow. Hamwoni mtu wa Volyn na shoka, kwa sababu hakuwahi kuambiwa, au aliambiwa na hakuamini maana aliyemwambia ni gazeti la kikomunisti lililodanganya kila kitu kingine.

Na Moscow ikafanya kitu kingine, kila Muukraine aliyeongea lugha yake kwa kujiamini ilimwita mtu wa Bandera. Inafanya hivyo mpaka leo. Ndio maana baada ya 2014 vijana wengi walilichukua hilo jina kwa makusudi, "ndio, mimi ni mtu wa Bandera", kumjibu Putin, na wengi wao kichwani hawana Mpolandi yeyote. 2016 Kyiv ikabadilisha barabara ya Moscow ikaipa jina la Bandera. Shida ni kwamba Mpolandi anasikia jambo lingine kabisa, anasikia aliyewaua ndugu wa bibi yake amepewa barabara. Mtu yuleyule kwa mmoja ndiye sababu ya kujiita taifa, kwa mwingine ndiye sababu bibi alikuwa anapiga kelele usingizini. Huo ndio moyo wa ugomvi, na hautatulika kwa kupigana na takwimu.

Poland yenyewe chini ya wakomunisti haikuruhusiwa kuomboleza Volyn kwa sauti, maana hiyo ardhi ilishakuwa ya "rafiki" Usovieti. Watu walinyamaza miaka 45. Kwahiyo kilio unachokisikia kazini kimechelewa, na kilio kilichochelewa kina hasira ndani yake. Hapohapo kulikuwa na Wapolandi uhamishoni Ufaransa, Jerzy Giedroyc na Juliusz Mieroszewski, waliokuwa wanaandika kwamba Poland isahau kabisa kurudishiwa Lwów, na kwamba bila Ukraine huru hakutakuwa na Poland salama. Wakati huo waliitwa wasaliti na wakimbizi wenzao. Ila tarehe 2 Desemba 1991, siku moja tu baada ya Waukraine zaidi ya asilimia 90 kupiga kura ya uhuru, Poland ikawa nchi ya kwanza duniani kuwatambua. Zile nyumba zilizofunguliwa 2022, pale zaidi ya watu milioni 2 walipovuka mpaka ndani ya wiki chache, zina mizizi huko. Na hata nyimbo zao za taifa zinaanza kwa wazo moja, Poland bado haijaangamia, Ukraine bado haijafa.

Kupatana wamejaribu, na sio kidogo. Seneti ya Poland ililaani Operesheni Wisła 1990. 2003 marais Kwaśniewski wa Poland na Kuchma wa Ukraine walikutana Pavlivka, ndiyo ile Poryck. 2006 marais Lech Kaczyński wa Poland na Yushchenko wa Ukraine walikwenda Pawłokoma, kwenye makaburi ya Waukraine. Julai 2016 Rais Poroshenko wa Ukraine alipiga goti mbele ya mnara wa Volyn, Warsaw. Lakini kabla ya hapo, Aprili 2015, bunge la Kyiv lilikuwa limepitisha sheria ya kuwaheshimu wapiganaji wa UPA siku ileile Rais Komorowski wa Poland alipohutubia humohumo bungeni, Wapolandi waliona wametemewa mate, na wiki chache baada ya lile goti bunge la Poland likatangaza rasmi kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari. Kyiv wao wanasema janga la Volyn. 2017 mnara wa UPA ukavunjwa kijijini Hruszowice, Poland, na Ukraine ikajibu kwa kuzuia Wapolandi kufukua na kutafuta mifupa ya watu wao.

Na hapa ndipo mimi nawalaumu Kyiv kabisa. Majina ya barabara yasubiri, maneno ya bunge yasubiri, ila kumzuia mtu wa miaka 85 asimzike mama yake ambaye anajua yuko chini ya mti upi, kwa sababu serikali mbili zimegombana kuhusu mnara, hilo halina utetezi. Maelfu ya watu bado wamelala kwenye mashamba na vichaka bila msalaba. Nashukuru limeanza kulegea, Novemba 2024 mawaziri wa nje walitangaza hakuna tena kizuizi, na Aprili 2025 kazi ikaanza Puźniki, mkoa wa Ternopil, kijiji kilichofutwa usiku mmoja wa Februari 1945. Walipatikana watu wasiopungua 42, wakazikwa Septemba 2025 kwa misa, na Waukraine walihudhuria. Pia Waukraine wana makaburi ya watu wao ndani ya Poland ambayo wanataka yatunzwe na mengine yarudishiwe vibao vyenye majina, na hilo nalo Warsaw imelichelewesha. Wakati huohuo siasa inakwenda upande wake, 2025 Poland imeifanya 11 Julai kuwa siku rasmi ya kitaifa ya kumbukumbu, na Karol Nawrocki, aliyeingia urais mwaka huohuo, ni mwanahistoria aliyekuwa anaongoza taasisi ya kumbukumbu ya taifa, hili jambo kwake halitapoa. Nafaka ya bei rahisi ya Ukraine na wenye malori kuziba mpaka vimeongeza chumvi, ingawa hivyo ni vya mfukoni, si vya historia.

Utasikia pia kazini mtu akisema "ukiongea Volyn unamfurahisha Putin". Kweli Moscow inaupenda huu ugomvi na inaupepea kila siku mitandaoni. Ila usimwambie hivyo mtu aliyepoteza ukoo mzima. Ni namna ya kumfunga mdomo kwa mara ya pili.

Sasa wewe ufanyeje. Kwanza usije ukamwita Muukraine "banderowiec", yaani mtu wa Bandera, hata kama umesikia wengine wanacheka nalo, hapo Poland ni tusi. Na ile bendera nyekundu na nyeusi usiishike wala kupiga nayo picha, Muukraine leo anaiona ya askari wa mbele vitani, Mpolandi anaiona ya UPA, na Agosti 2025 ilipeperushwa kwenye tamasha uwanja wa taifa Warsaw ikawa kesi ya nchi nzima. Wakikuuliza upande, mimi ningewajibu kwamba waliouawa Volyn waliuawa bila kosa na wazikwe kwa majina yao, na waliofukuzwa kwa treni 1947 pia hawakuwa na kosa, halafu ningemuuliza kila mmoja bibi yake alizaliwa wapi. Mpolandi wa Wrocław kuna uwezekano mkubwa akakutajia kijiji ambacho leo kipo Ukraine. Na Muukraine wako, kama familia yake inatoka magharibi kule, usishangae akikwambia babu yake alizaliwa karibu na Przemyśl au Chełm, ndani ya Poland. Kama wapo meza moja wakati unauliza, waache waongee wenyewe, na ukitaka jina la tatu la kuwapa ambalo hakuna kati yao anaweza kulikataa, wape la Rumel, au waambie kuhusu wale Waukraine zaidi ya 1,300 ambao Wapolandi wenyewe wamewaorodhesha kwa kuwaficha au kuwaonya majirani zao wa Kipolandi miaka ile ya vita, baadhi yao wakauawa na UPA kwa sababu hiyo. Waukraine wengi hawajawahi kusikia hiyo orodha, na Wapolandi wengi pia.